Vali ya pili ya tarumbeta inakwama: tutafute sababu kabla ya kugusa chuma

Mpulizaji wa Ng'ambo:

Assalamu alaykum waungwana. Ninapiga tarumbeta ya kawaida ya vali tatu katika kikundi cha beni kinachosindikiza harusi hapa Unguja. Kwa muda sasa vali ya pili imekuwa nzito. Nikiibonyeza hushuka, ingawa kwa kusita, lakini kurudi juu huchelewa, na mara nyengine hubaki chini kabisa mpaka niinyanyue kwa kidole. Vali ya kwanza na ya tatu ni nyepesi, wala hazijawahi kunisumbua. Nikitia mafuta napata nafuu, lakini nyimbo chache baadaye hali hurejea ilivyokuwa. Wenzangu wamenishauri kila mmoja lake: mmoja anasema springi imechoka, wa pili anataka niisugue pistoni kwa msasa laini, na wa tatu anasema dawa yake ni mafuta ya nazi. Naomba wenye ujuzi, hasa wanaoijua hali ya hewa ya visiwa vyetu, wanieleze nianze kuangalia wapi na nisiguse nini.

Fundi wa Ala:

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Kabla ya jambo jengine lolote, nakuomba uuweke mbali huo msasa, na usikubali mtu mwengine aupitishe kwenye pistoni yako hata kwa nia njema. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu ukishafahamu vali imetengenezwaje, ushauri mwingi utaweza kuupima mwenyewe.

Pistoni ni mcheduara wa chuma wenye matundu, unaopanda na kushuka ndani ya silinda ya shaba. Ikiwa juu, upepo hupita moja kwa moja. Ikishuka, matundu mengine hukutana na mirija ya ziada, njia ya upepo hurefuka na sauti huteremka. Vali ya pili huteremsha nusu toni, ya kwanza toni moja, ya tatu toni moja na nusu. Umbo hili la pistoni tunalolitumia leo lilisajiliwa Paris na François Périnet mwaka 1839, na kimsingi halijabadilika. Kati ya pistoni na ukuta wa silinda huachwa nafasi ndogo mno, mara nyingi kati ya milimita 0.02 na 0.05 tu, yaani hata unywele haupiti. Nafasi hiyo inabeba kazi mbili zinazovutana: lazima itoshe utando mwembamba wa mafuta ili pistoni iteleze, na lazima iwe finyu kiasi cha kuuzuia upepo usivuje. Chembe ya chumvi, uzi wa kitambaa au tone la sukari lililokauka linatosha kuijaza. Kwa upande mwengine, msasa ukipita mara moja nafasi hiyo hupanuka, na chuma kilichoondoka hakirudishwi kwa mafuta wala kwa springi. Vali itakuwa nyepesi kweli, lakini tarumbeta itaanza kuvuja, noti za juu zitakuwa ngumu kushika, na utajikuta unapuliza kwa nguvu zaidi kwa sauti iliyo ndogo zaidi. Nimeletewa ala za namna hiyo, na ndizo zinazoniumiza moyo kuliko zilizobondeka, kwa sababu kilichobondeka hunyooshwa.

Kwa hiyo tuanze na uchafu, ambao ndio sababu ya mara nyingi. Fungua kifuniko cha juu cha vali ya pili, itoe pistoni taratibu kwa kuivuta wima, na uiangalie kwenye mwanga. Utando wa rangi ya kahawia unaonata ni mafuta ya zamani yaliyochanganyika na mate. Madoa meupe yaliyo magumu ni chokaa. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji ya visima vyetu ni magumu, na ile chokaa unayoiona ndani ya birika hujijenga hata ndani ya ala inayosuuzwa kwa maji hayo na kuachwa ikauke yenyewe. Rangi ya kijani ni kutu ya shaba, na kwa hewa yetu yenye chumvi na unyevu hujitokeza haraka, hasa ala inapofungiwa mkobani ikiwa bado mbichi.

Ioshe hivi. Toa pistoni zote tatu na uzipange kwa utaratibu wake, kwa sababu kila moja imesagwa ili iende na silinda yake na haifai kubadilishwa na nyengine. Osha silinda na mirija kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni laini ya vyombo. Maji ya moto yaache, kwani yanaweza kubambua vanishi. Pistoni zioshe peke yake, na felti, yaani vile vipande laini vya sufi vinavyozuia kishindo, zisirowe. Kwa ndani ya silinda, chukua kijiti cha mbao kilichonyooka, ukizungushie kipande cha kanga kuukuu ya pamba iliyofuliwa mara nyingi hata haitoi tena nyuzi, kisha ukipitishe huku ukikizungusha. Ikiwa una fimbo ya chuma ya kusafishia, hakikisha ncha yake imefunikwa yote, maana mkwaruzo mmoja ndani ya silinda huleta tabu ya miaka. Suuza kwa maji ya mvua ukiweza kuyakinga, kwa kuwa hayana chokaa. Chokaa iliyoganda kwenye pistoni huondoka kwa siki nyeupe iliyozimuliwa na maji: iloweke pistoni dakika chache tu, uisuuze vizuri na uifute. Wala usisugue kwa ndimu, ukwaju au jivu. Najua bibi zetu walizing'arisha sinia na dele za shaba kwa ukwaju na jivu, na kwa sinia ni sahihi kabisa, kwa sababu sinia halidhuriki likipungua unene kidogo. Pistoni hudhurika. Dawa za kung'arisha shaba za kopo nazo zina chembechembe zinazokwangua, kwa hiyo ziishie nje ya ala na zisifike ndani ya silinda.

Baada ya kuosha, usitie mafuta kwanza. Fanya majaribio, kisha utuletee majibu hapa.

Jaribio la kwanza ni la springi. Badilisha springi ya vali ya pili na ya vali ya kwanza. Uzito ukihamia kwenye vali ya kwanza, springi ndiyo yenye makosa, na dawa yake ni kununua nyengine ya kipimo kile kile. Kuivuta springi ili irefuke ni nafuu ya siku chache, tena huifanya ilale upande na kuisukuma pistoni ukutani. Jaribio la pili ni la kijiti cha kitufe. Kizungushe kwa vidole ukiwa umeitoa pistoni. Kama kitufe kinayumba badala ya kuzunguka mahali pamoja, kijiti kimepinda, nacho husugua tundu la kifuniko cha juu kila unapobonyeza. Jaribio la tatu ni la ule ulimi mdogo wa plastiki au chuma unaotembea ndani ya mfuo wa silinda ili pistoni isizunguke. Ukiwa umelika au umeota ukingo mkali, pistoni hukwama mahali pale pale kila mara.

Jaribio la nne ndilo ninalolithamini kuliko yote. Iweke pistoni safi ndani ya silinda bila ya springi, bila ya kifuniko cha juu wala cha chini, kwa tone moja la mafuta, kisha uiteremshe na kuipandisha kwa uzito wa kidole kimoja tu, polepole, ukisikiliza mahali inaposita. Ikiteleza bila ya kusita popote, silinda na pistoni ni nzima, na ugonjwa uko kwenye springi, vifuniko au mkono wako. Ikisita, kumbuka ni kimo gani na ni upande gani.

Nimetaja mkono kwa sababu ni jambo ambalo watu hawapendi kuulizwa. Wengi wetu tunaopiga tukitembea barabarani huzikaza silinda kwa mkono wa kushoto kama kwamba ala itatuponyoka, na kidole kidogo cha kulia huivuta ndoana kwa nguvu zote. Vidole vitatu vinavyobaki hubonyeza kwa mshazari. Pistoni inayosukumwa kwa mshazari huegemea ukuta mmoja na kuchelewa kurudi, hata ikiwa mpya. Kunja vidole kidogo, bonyeza kwa ncha zake, teremsha wima. Hata hivyo kwako ni vali moja tu inayosumbua, kwa hiyo sidhani kama mkono ndio chanzo.

Tuba ya Wete:

Maalim, Mwenyezi Mungu akujaalie kheri kwa maelezo haya. Nami niko Pemba, na huku chupa ya mafuta ya vali mpaka mtu aagizie mjini au nje kabisa. Kwa hiyo naomba tulijadili suala la mafuta bila ya haya, maana kila mtu ana yake: mafuta ya nazi, mafuta ya cherehani, mafuta ya taa, hata mafuta ya kupikia. Je, kuna lolote kati ya hayo ambalo mtu anaweza kulitumia wakati anasubiri?

Fundi wa Ala:

Swali lako ni la msingi, ndugu yangu, na nitalijibu moja baada ya jengine.

Mafuta ya nazi na ya kupikia yaondoe kabisa. Ni mafuta ya mimea, na kadiri yanavyokaa hewani ndivyo yanavyochacha na kugeuka utomvu. Siku ya kwanza yatakuonyesha uzuri, ndiyo sababu watu huyasifu, lakini baada ya wiki kadhaa utaikuta pistoni imeshikwa. Tena mafuta ya nazi huganda joto likiteremka chini ya nyuzi 24 hivi, kiasi ambacho usiku wa kipupwe hutosha kukifikia.

Mafuta ya taa yanahitaji maelezo ya uadilifu, kwa sababu anayeyasifu hakosei moja kwa moja. Mafuta mengi ya vali yanayouzwa madukani yametokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, ni mepesi, na kwa asili ni jamaa wa karibu wa mafuta ya taa yaliyosafishwa na kuondolewa harufu. Ndiyo maana yanaifanya vali iwe nyepesi papo hapo. Lakini haya yetu ya kibatari hayakusafishwa kwa ajili hiyo, hukauka upesi kwenye joto na kuiacha pistoni tupu, na mvuke wake unaingia kwako kila unapovuta pumzi karibu na kipulizio. Sikushauri uyatumie kupigia. Yanafaa kwa kazi moja, nayo ni kulainisha pistoni iliyoshika isitoke kabisa: tia matone juu na chini, iache usiku kucha, itoe, kisha osha kila kitu kwa sabuni mpaka harufu iishe.

Mafuta ya cherehani ndiyo ninayoweza kuyaruhusu kwa mtu aliyekwama. Ni mafuta ya madini, hayachachi. Kasoro yake ni uzito, kwa hiyo kwenye tarumbeta mpya ambayo nafasi yake ni finyu yataifanya vali iwe nzito zaidi. Kwenye ala kongwe iliyolika, kama zilivyo nyingi katika vikundi vyetu vya beni, uzito huo unaweza hata kusaidia, kwa kuwa mafuta mazito huziba nafasi iliyopanuka na kupunguza uvujaji. Kwa tuba yako, kama vali zake ni za kuzunguka na si za pistoni, tone dogo la mafuta ya cherehani kwenye ekseli, juu na chini, linafaa vyema, lakini ndani ya rota, yaani kile kipande kinachozunguka, tia mafuta mepesi. Vali za kuzunguka usizifungue mwenyewe kama hujafundishwa. Kuzirudisha ni kazi ngumu kuliko kuzitoa.

Mafuta ya dukani nayo yako ya aina mbili, yale yanayotokana na mafuta ghafi na yale yaliyotengenezwa maabara. Haya ya pili hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kukauka, jambo la maana kwa anayepiga juani mchana mzima. Usiyachanganye. Ukihama kutoka aina moja kwenda nyengine, osha kwanza, kwani baadhi zikikutana hugeuka kamasi inayonata.

Na namna ya kutia ni muhimu sawa na aina. Wengi huigeuza ala na kudondoshea mafuta kupitia kitundu cha kifuniko cha chini. Hapo chini ndipo uchafu unapokusanyika, na mafuta yakipita huuchukua na kuupandisha kwenye pistoni. Fungua juu, itoe pistoni nusu, ifute, idondoshee matone machache kuizunguka, uirudishe, uizungushe polepole mpaka usikie ulimi umeingia kwenye mfuo wake, ndipo ukaze kifuniko kwa vidole vyako tu. Namba iliyochongwa kwenye pistoni huelekea upande wa kipulizio katika ala nyingi, si zote. Upepo usipopita kabisa baada ya kuirudisha, jua umeiweka kinyume au umebadilisha pistoni mbili.

Mpulizaji wa Ng'ambo:

Maalim, nimefanya yote ulivyoelekeza. Pistoni ilikuwa na utando wa kahawia mwingi kuliko nilivyotarajia, na madoa ya chokaa upande wa chini, na sasa ni safi. Springi nimezibadilisha, uzito haukuhama. Kijiti kinazunguka mahali pamoja na ulimi hauna ukingo. Katika jaribio la nne, bila ya springi wala vifuniko, pistoni inateremka vizuri mpaka karibu na nusu ya safari yake, hapo inasita, na ukiisukuma kidogo inapita. Nikiipandisha inasita mahali hapo hapo. Nimeichunguza pistoni kwenye mwanga na nimeona mstari unaong'aa kuliko sehemu nyengine, kwenye upande unaotazama ule mrija mfupi wa vali ya pili unaojitokeza kando.

Fundi wa Ala:

Umefanya kazi nzuri, na maelezo yako yamenitosha kana kwamba ala iko mkononi mwangu. Mstari unaong'aa ndio ushahidi: hapo ndipo chuma kinapogusana na chuma. Mrija wa vali ya pili umejitokeza kando, umeungwa moja kwa moja kwenye silinda, na ukigongwa, nguvu yote huishia kwenye ukuta wake na kuuingiza ndani kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Ndiyo sababu vali ya pili huumwa zaidi kuliko wenzake. Inatosha ala kuanguka kutoka kitini, au kulazwa chini kwa upande wa mrija huo kisha mtu akaegemea, au mkoba kubanwa na mizigo ndani ya daladala. Mafuta yalikupa nafuu kwa sababu yalipunguza msuguano pale pale ulipobana, lakini hayawezi kuurudisha ukuta mahali pake.

Sasa nakusisitizia tena lile la mwanzo. Mtu atakayekwambia aisugue pistoni mahali pale panapong'aa anataka kuikata pistoni nzima ili iende na silinda mbovu. Kosa liko ukutani, na ukuta ndio unaotengenezwa. Fundi mwenye zana huingiza ndani ya silinda kipande cha chuma cha mviringo kilichonyooka na kulainishwa, chenye kipimo cha silinda hiyo, kisha huurudisha ukuta taratibu kwa kuugandamiza kutoka nje. Ikibidi, huutuliza kwanza ule mrija uliogongwa. Ni kazi ya mkono mwepesi. Fundi bati hodari au sonara ana mkono huo, lakini bila ya kipande cha kipimo sahihi asijaribu, kwa sababu nyundo ikikosea kidogo silinda itakuwa ya yai. Ulizia kwa wapigaji wa beni za vikosi, au kwa waalimu wa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ni nani kwa sasa anayefanya kazi hiyo. Wao ndio wenye ala nyingi zinazohitaji matengenezo.

Mpaka utakapompata, unaweza kuendelea kuitumia kwa mafuta kidogo kila baada ya nyimbo kadhaa, mradi usilazimishe. Usiku ikishika, usiichukue koleo. Fungua kifuniko cha chini, tia mafuta, subiri, kisha uisukume kutoka chini kwa kijiti cha mbao kilichofungwa kitambaa, kwa nguvu ya mkono peke yake. Hata vifuniko vikikwama, koleo haina kazi. Shika kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli.

Mpulizaji wa Ng'ambo:

Nimekufahamu, maalim, na nakushukuru. Jambo moja limebaki. Ikisha kutengenezwa, nifanye nini ili isirudi, nikizingatia kuwa msimu wa harusi tunapiga karibu kila wiki, tena nje, tena baada ya kukaribishwa?

Fundi wa Ala:

Hilo la kukaribishwa umelitaja mahali pake. Tunakula halua, tunakunywa juisi na madafu, kisha tunainuka na kupuliza. Sukari yote hiyo huingia pamoja na mate, hukauka ndani, na huanza kunata kwenye pistoni kabla hata kisomo hakijaisha. Kahawa chungu haina dhara hilo, lakini halua iliyoifuata inalo. Sukutua kinywa kwa maji safi kabla ya kupuliza. Ukiweza kupiga mswaki, bora zaidi. Mate yenyewe nayo, kwa muda mrefu, huinyang'anya shaba zinki yake, na utaona madoa ya rangi ya waridi kwenye mrija wa kwanza, ule unaopokea kipulizio, hapo chuma kimeanza kuoza kutoka ndani.

Ukimaliza kupiga, toa maji yote, futa pistoni, tia tone la mafuta, na uuache mkoba wazi kivulini penye upepo kabla ya kuufunga. Wakati wa masika usiuweke mkoba sakafuni. Osha ala nzima kila mwezi katika msimu, na ikiwa haipigwi, itoe hata mara moja kwa wiki uzichezeshe vali, kwani pistoni isiyotembea kwenye hewa yetu hushika yenyewe. Grisi ya slaidi, yaani mirija inayovutwa nje, ipake nyembamba, maana inayozidi husukumwa ndani ya silinda na kuchanganyika na mafuta mepesi. Na unapoirudisha slaidi, bonyeza vali yake ili hewa itoke bila ya kuusukuma uchafu. Na unapoilaza tarumbeta, ilaze kwa upande wa kushoto, mrija wa vali ya pili ukiwa juu.

Tuba ya Wete:

Maalim, vali za tuba yangu ni za pistoni, na nimefanya jaribio la nne kwa zote nne. Ya nne inasita mwanzoni kabisa mwa safari, karibu na kifuniko cha juu, zile nyengine ziko sawa.

Fundi wa Ala:

Inaposita juu kabisa, anza kwa kuangalia ukingo wa silinda pale penye nyuzi za kukazia kifuniko. Mara nyingi ni kifuniko kilichokazwa kwa mshazari, au ukingo uliogongwa wakati kifuniko kikiwa kimetolewa. Pitisha ncha ya kidole taratibu ukizunguka ndani ya ukingo, utakisikia kinundu kabla ya kukiona. Ukikipata, usikikwangue; tuandikie kiko upande gani, na kama kifuniko kinaingia kwa wepesi au kinakataa kwenye mzunguko wa kwanza.